Safari ya Gofu Pwani ya Uskoti

Wengi wetu tunapousikia mchezo wa gofu huwaza habari za mabwana wenye magari makubwa, viwanja vilivyozungushiwa seng'enge, na bawabu mlangoni mwenye kumwuliza kila apitaye haja yake. Mimi nami niliwaza hivyo kwa miaka mingi, wala sikukosa sababu. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya mwisho kabla ya Uhuru, nilikuwa nikichukua mifuko ya wachezaji katika uwanja mmoja wa nyanda za juu kwa ujira wa senti chache. Nilijua kila bonde na kila mti wa uwanja ule, lakini sikuwa na ruhusa ya kupiga mpira hata mmoja. Mchezo wenyewe nilijifunza baadaye sana, nikiwa karani na mtu mzima. Basi nilipostaafu niliazimia kwenda kuona mahali mchezo huu ulipozaliwa, nami nione ulizaliwa kwa mabwana au kwa watu kama sisi.

Tulisafiri watu watatu: mimi, bibi yangu, na shemeji yangu, kaka yake bibi, ambaye ni mkulima wa chai na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kati yetu mchezaji ni mimi peke yangu. Bibi aliikubali safari kwa sharti moja, kwamba hatakaa mlangoni mwa klabu mchana kutwa akiningoja kama mzigo ulioachwa stesheni. Shemeji naye alisema kwamba gofu haimhusu. Anakwenda kuona nchi waliyotoka ng'ombe wake. Lakini nilijua kwamba ana jambo jingine moyoni. Kwao kuna kiwanja cha josho la zamani, ambapo watoto hucheza mpira na akina mama huanika mahindi. Yeye ni mwenyekiti wa halmashauri ya kiwanja kile, na kila mwaka nguzo za seng'enge za majirani husogea ndani hatua mbili tatu. Kwa sababu hiyo, kila tulipofika katika uwanja wa gofu alikuwa akiuliza swali lile lile: "Shemeji, ardhi hii ni ya nani?"

ARDHI ISIYOLIMIKA

Kwa wasomaji wasioujua mchezo, nitaueleza kwa maneno machache. Mchezaji huuweka mpira mdogo mahali pa kuanzia, akaupiga kwa fimbo mpaka uingie katika shimo lililo mbali, pengine mita mia nne au zaidi. Mashimo ni 18. Anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Kuzunguka kila shimo kuna kiwanja cha majani yaliyokatwa mafupi kama zulia, na njiani kuna mitego ya mchanga, ambayo ni mabonde madogo yenye kumeza mipira.

Waskoti huiita ardhi ya viwanja vya pwani kwa jina la "links". Ni ukanda wa mchanga ulio kati ya bahari na mashamba. Zamani sana bahari ilirudi nyuma ikaacha mchanga, upepo ukaupeperusha na kuufanya matuta na mabonde, kisha majani membamba yenye mizizi mirefu yakaota juu yake. Mvua ikinyesha, maji huzama mara moja. Shemeji alipiga magoti akachimbua udongo kwa kidole, akaunusa, akasema, "Hapa hata mihogo ingekataa." Alisema kweli. Kwa kuwa ardhi ile haikufaa kwa jembe, iliachiwa kondoo, sungura, na wenyeji wote. Kondoo walijibanza katika vishimo kujikinga na upepo wa bahari, wakayaparura majani mpaka mchanga ukawa wazi. Yasemekana ndiyo asili ya mitego ya mchanga. Sungura nao waliyatafuna majani yakawa mafupi. Viwanja vya kwanza havikuchorwa na fundi yeyote.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Katika mwaka wa 1457 Bunge la Mfalme James wa Pili wa Uskoti lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana walikuwa wakicheza badala ya kujifunza kulenga shabaha kwa mishale, na vita na Waingereza vilikuwa karibu siku zote. Mtu hapigi marufuku jambo lisilopendwa na wengi. Basi hapo nikapata jibu la kwanza la swali langu.

PRESTWICK, NCHI YA NG'OMBE NA MSHAIRI

Tulianzia pwani ya magharibi, katika mkoa wa Ayrshire. Jina hilo si geni kwa mfugaji yeyote wa Kenya, maana ng'ombe wale wa rangi nyekundu na nyeupe waitwao Ayrshire ndiko walikotoka. Shemeji alisimama kwenye ukingo wa malisho kwa muda mrefu, kofia mkononi, kama mtu aliyefika nyumbani kwa wakwe.

Prestwick ni mji mdogo, na gari la moshi litokalo Glasgow hupita kando kabisa ya shimo la kwanza la uwanja wake, nyuma ya ukuta wa mawe. Hapa ndipo lilipochezwa kwa mara ya kwanza lile shindano kubwa liitwalo Open, tarehe 17 Oktoba 1860. Wachezaji walikuwa wanane tu. Uwanja siku hizo ulikuwa na mashimo 12, wakauzunguka mara tatu kwa siku moja. Willie Park wa Musselburgh alishinda kwa mikwaju 174, akapewa mshipi wa ngozi nyekundu. Fedha hakupewa hata senti. Shindano hilo sasa huangaliwa na dunia nzima, lakini lilianza na watu ambao wangeweza kukaa wote katika matatu moja na viti vikabaki.

Wakati nilipokuwa nikihangaika na upepo, wenzangu walikwenda Alloway, kijiji kilicho karibu na mji wa Ayr, kuiona nyumba alimozaliwa mshairi Robert Burns katika mwaka wa 1759. Nyumba ile ni ya kuta za udongo na paa la majani, na baba yake ndiye aliyeijenga kwa mikono yake. Burns alishika plau kabla ya kushika kalamu, na hata leo Waskoti humtukuza kuliko wafalme wao wengi. Bibi aliniambia jioni kwamba watu na mifugo waliishi chini ya paa moja, kama nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, na kwamba yeye ameiona Uskoti kuliko mimi niliyekuwa nikitafuta mpira vichakani. Sikuwa na la kumjibu.

WANAWAKE WA SAMAKI

Kutoka huko tulivuka nchi mpaka Edinburgh, mji mkuu, kisha mashariki yake kidogo mpaka Musselburgh. Uwanja wa kale wa hapo una mashimo tisa tu, nao uko katikati ya njia ya mbio za farasi, hata mchezaji huivuka njia hiyo mara kwa mara. Hesabu za mwaka wa 1672 zaonyesha kwamba tangu siku hizo gofu ilichezwa hapo. Kifaa cha kutobolea mashimo kilichotumika hapo tangu mwaka wa 1829 kilikuwa na upana wa milimita 108 hivi, na ndio upana wa shimo la gofu duniani kote leo.

Jambo lililompendeza bibi zaidi ni habari za wanawake waliouza samaki. Klabu ya Musselburgh iliandika katika daftari lake kwamba siku ya tarehe 1 Januari 1811 mwanamke wa samaki atakayecheza vizuri kupita wenzake atapewa kikapu kipya cha samaki, na wale watakaomfuata watapewa vitambaa vya hariri. Wanawake wale walibeba samaki migongoni kutoka pwani mpaka Edinburgh, na siku ya sikukuu walishika fimbo wakacheza. Kwa hiyo yule anayesema kwamba mchezo huu tangu awali ulikuwa wa mabwana peke yao, na alisome daftari hilo.

NORTH BERWICK NA MWAMBA WA NDEGE

Safari ya nusu saa hivi kwa gari la moshi kutoka Edinburgh yakufikisha North Berwick. Uwanja wake wa magharibi unaanzia mjini na kufuata ufuko, na kuta za mawe za mashamba ya kale zinaukatiza bila kuomba radhi. Kwenye shimo la 13 ukuta umesimama mbele kabisa ya kiwanja cha shimo. Mahali pengine wangeubomoa. Hapa wameuacha, na mchezaji ni shauri yake. Mpira wangu uligonga mawe ukarudi nyuma yangu mbali kuliko nilipousimamia. Kijana aliyekuwa akicheza nami alinipa pole kwa heshima, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Bibi na shemeji siku ile walipanda mashua bandarini kwenda kuuona mwamba wa Bass. Ni mwamba wa volkano uliosimama peke yake baharini, urefu wake wapita mita 100, na kutoka mbali huonekana mweupe kama uliopakwa chokaa. Weupe huo ni ndege wakubwa wa baharini na mbolea yao. Katika mwaka wa 2014 zilihesabiwa jozi zaidi ya 75,000. Katika mwaka wa 2022 homa ya ndege iliua wengi mno. Hata hivyo, waliobaki walitosha kuwaziba wenzangu masikio kwa kelele, na shemeji alisema kwamba mwenye kuku hawezi kuutazama mwamba ule bila kuikumbuka ile homa.

Jioni mzee mmoja wa hapo alitusimulia habari ya huzuni. Mnamo Septemba 1875 wachezaji wawili wa St Andrews, Tom Morris na mwanawe aliyeitwa Tom vilevile, walikuwa wakishindana hapo. Kijana alikuwa bingwa asiye na mfano. Alilishinda shindano la Open mara nne, na mara ya kwanza, mwaka wa 1868, alikuwa na miaka 17 tu. Mchezo ulipokuwa ukingoni ikaletwa simu ya maandishi: mke wake yu katika uchungu wa kujifungua, na hali yake ni mbaya. Wakapewa mashua wavuke ghuba usiku ule ule. Kabla hawajafika, mke alikwisha kufa, na mtoto pia. Kijana hakuupata tena moyo wake. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule naye alifariki, umri wake miaka 24. Bibi alisikiliza kimya, kisha akasema kwamba tufikapo St Andrews yeye atakwenda kwanza kuliona kaburi lile.

MJI WA ST ANDREWS

Tulivuka ghuba ya Forth kwa gari la moshi juu ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka wa 1890, kazi ambayo humfanya mtu anyamaze. Siku hizi reli haifiki St Andrews. Ilifungwa mwaka wa 1969. Abiria hushuka Leuchars, akapanda basi kwa muda wa robo saa hivi.

Tulifika Jumamosi jioni, na asubuhi yake nikaamka mapema kwenda kuutazama ule uwanja wa kale kuliko yote, uitwao Old Course. Nilistaajabu. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Badala yake niliona wazee wakitembea na mbwa, akina mama wakisukuma vigari vya watoto, na watoto wakikimbia juu ya yale majani ambayo wachezaji wa dunia nzima hutamani kuyakanyaga. Niliuliza, nikaambiwa kwamba Jumapili Old Course haichezwi, isipokuwa wakati wa mashindano machache makubwa. Siku hiyo uwanja hupumzika, nao ni bustani ya watu wote. Nikarudi mbio kuwaita wenzangu. Basi sisi watatu, tuliozaliwa mbali namna ile, tulitembea katikati ya uwanja ule bila kuulizwa na mtu, tukapiga picha juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan, ambalo wachungaji walilivukia na mifugo yao miaka mia kadhaa iliyopita.

Hata siku za mchezo, njia ya watu wote hukatiza shimo la kwanza na la mwisho. Mtu mwenye kwenda ufukoni na ndoo ya mtoto wake hupita, na mchezaji, awe tajiri namna gani, husimama akamngoja.

Hapo ndipo shemeji alipouliza swali lake kwa mzee mmoja aliyekuwa na mbwa: ardhi hii ni ya nani? Alidhani ataonyeshwa lile jumba kubwa la mawe lililo nyuma ya mahali pa kuanzia, ambalo ni la klabu ya Royal and Ancient, iliyoanzishwa mwaka wa 1754. Mzee akatikisa kichwa. "La," akasema, "ile ni klabu tu. Uwanja si wao. Ni wetu." Kisha akatueleza, nami baadaye nikazithibitisha habari zake katika jumba la makumbusho ya gofu lililo karibu.

VITA VYA SUNGURA

Katika mwaka wa 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura katika mchanga ule. Hakuuchukua tu, alitia muhuri hati iliyokiri kwamba wenyeji wa mji wana haki ya kucheza gofu hapo, na mpira, na kulenga shabaha, na kulisha mifugo yao. Hati hiyo ikahifadhiwa.

Ilipita miaka zaidi ya mia mbili. Ilipofika mwaka wa 1797 halmashauri ya mji ilikuwa imefilisika kwa madeni, ikaiuza ardhi ile. Wenye nayo wapya wakawakodisha wafanya biashara wa sungura, maana nyama na ngozi zilikuwa na bei. Sungura wakazaana, wakatoboa uwanja mzima kama chujio. Wenyeji hawakunyamaza. Palitokea ugomvi wa mikono, na palitokea kesi, iliyokwenda mahakamani Edinburgh na kufika hata mbele ya Baraza la Malodi huko London. Mambo hayakutulia mpaka mwaka wa 1821, mwenye shamba mmoja wa jirani, James Cheape, mwenyewe mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi na kuuacha mchezo uendelee. Mwaka wa 1894, kwa sheria ya Bunge, mji uliipata tena ardhi yake. Na halmashauri za miji zilipokuwa karibu kuvunjwa na kupangwa upya, sheria nyingine, ya mwaka wa 1974, iliviweka viwanja hivyo chini ya amana kwa faida ya watu wote. Leo viko viwanja saba chini ya amana hiyo, na wenyeji huvicheza kwa ada ya mwaka iliyo ndogo sana kuliko anayolipa mgeni.

Shemeji aliandika tarehe zote katika kijitabu chake: 1552, 1797, 1821, 1894, 1974. Nikamkumbusha methali yetu ya kikarani, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Akanijibu kwamba mji ule ulipata madhara ulipoisahau methali nyingine, usiache mbachao kwa msala upitao. Waliuza cha siku zote ili kulipa deni la siku chache.

MCHEZO WANGU

Mgeni aliye peke yake huandikisha jina siku iliyotangulia, kisha hupigwa kura. Mara ya kwanza sikubahatika. Mara ya pili nilipata nafasi ya asubuhi, nikalipa zaidi ya pauni 300, ambazo nilikuwa nimeziweka akiba kidogo kidogo kwa miaka, na bibi alizijua zote.

Nilipewa mchukuzi wa mfuko, mzee mwenye umri kama wangu. Aliponiinulia mfuko nilitaka kumpokonya, maana mabega yangu yaliukumbuka uzito ule wa utotoni. Akaniambia, "Bwana, kazi yako ni kupiga mpira, hii ni yangu." Nikamweleza kwamba mimi nami nilianza hivyo. Tangu hapo hakuniita bwana tena. Tulizungumza kama watu wa kazi moja, juu ya mvua, wachezaji wabahili, na mipira iliyopotea.

Alinifundisha kuusoma uwanja. Mashimo 14 kati ya 18 hutumia viwanja vya majani mafupi kwa jozi, mawili kwa kiwanja kimoja, na ukijumlisha nambari za kila jozi hupata 18: la pili na la 16, la tatu na la 15, na kuendelea. Zamani mzunguko ulikuwa wa mashimo 22, lakini mwaka wa 1764 waliyaunganisha manne ya mwanzo yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikawa 18. Hiyo ndiyo sababu ya hesabu hiyo kutumika duniani kote hivi leo.

Kwenye shimo la 14 niliingia katika mtego uitwao Jehanamu. Nilipiga mara tatu, mchanga ukaniingia masikioni, na mpira ukabaki mahali pake. Mara ya nne nilitoka kwa kurudi nyuma. Kwenye la 17 mpira wangu ulivuka barabara ukasimama karibu na ukuta wa mawe, nikashindwa hata kuinua fimbo. Nilimaliza kwa mikwaju 103. Hesabu hiyo naiandika hapa bila kupunguza, maana mchukuzi mwenzangu ni shahidi.

WALICHOKIONA WENZANGU

Siku ile mimi nilitembea saa nne na nusu. Wenzangu walitembea miaka mia nane. Kanisa kuu la St Andrews lilianza kujengwa katika karne ya 12, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote Uskoti. Lilipowekwa wakfu mwaka wa 1318 Mfalme Robert Bruce alikuwapo. Katika machafuko ya dini ya mwaka wa 1559 lilivamiwa na vitu vyake kuharibiwa, likaachwa, na mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea nyumba za mji. Yamebaki maukuta machache yaliyosimama juu ya majani, na mnara wa mraba wenye urefu wa mita 33, ambao shemeji aliupanda mpaka juu na kushuka akishika magoti.

Katika uwanja wa makaburi ya kanisa hilo bibi alilikuta kaburi la yule kijana. Ukutani imechongwa sanamu yake akiwa ameinama kupiga mpira, na maandishi yasema kwamba vyama 60 vya gofu vilichanga gharama. Baba yake, aliyekuwa mtunza uwanja wa St Andrews kwa muda wa karibu miaka arobaini, amezikwa karibu naye. Aliishi mpaka mwaka wa 1908. Bibi alitumia muda mrefu pale kuliko mahali pengine popote.

Karibu na hapo, juu ya jabali la bahari, iko ngome iliyobomoka. Katika mwaka wa 1546 waliomwua Kadinali Beaton walijifungia humo. Majeshi ya serikali yakachimba njia chini ya mwamba ili kuiangusha ngome. Waliokuwa ndani nao wakachimba yao kuwapokea, na njia zikakutana gizani. Mpaka leo mgeni huweza kuingia humo akiwa ameinama. Kadhalika kuna Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka wa 1413, ambacho wanafunzi wake hujaa mjini kuliko wenyeji nyakati za masomo.

Lakini kwa bibi siku kubwa ilikuwa ya mwisho. Kando ya Old Course kuna kiwanja kidogo cha vilima vya majani kiitwacho Himalaya, cha klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka wa 1867. Siku hizo haikuwa heshima mwanamke kuinua fimbo juu ya bega, hivyo wakatengewa mahali pa kusukuma mpira chini kwa chini. Leo mtu yeyote hulipa pauni chache akacheza. Tulicheza sote watatu. Bibi, ambaye hajapata kushika fimbo ila ya kufukuzia kuku, alitushinda. Jirani zake wapya, akina mama watatu wa mji, walimpigia makofi, na mmoja akamwambia kwamba ile klabu kubwa ya mawe ilikubali wanachama wanawake mwaka wa 2014 tu. "Walichelewa," akasema bibi.

KWA ATAKAYE KWENDA

Yafaa kwenda kati ya Mei na Septemba, maana mwezi wa Juni mwangaza hudumu mpaka karibu saa nne za usiku. Chukua koti la mvua hata kama asubuhi ni nyeupe, na sweta nzito. Ukicheza, fika na cheti cha klabu yako cha kuonyesha kiwango chako. Usitegemee Old Course peke yake. Viwanja vingine vya mji huo ni vya gharama ndogo zaidi, na kimoja chenye mashimo tisa ni cha watoto na wanaojifunza. Na mwenzako asiyecheza mpe nusu ya mipango na nusu ya fedha, nawe utarudi nyumbani kwa amani.

Nenda pia mapema kwa sababu nyingine. Bahari inaila pwani ile. Huko Montrose, kaskazini zaidi, imekula matuta ya mchanga na kuwalazimisha wenye uwanja kusogeza baadhi ya sehemu za kuanzia ndani ya nchi kavu. St Andrews wanaleta mchanga na kupanda majani ya pwani kwa mkono ili kuyashika matuta. Watu waliowashinda wafanya biashara wa sungura kwa hati na sheria sasa wana adui asiyesoma hati.

Nilikwenda kuuliza kama mchezo huu ulizaliwa kwa mabwana. Nimerudi na jibu: ulizaliwa katika ardhi mbaya ya watu wote, ukachezwa na wauza samaki na wachungaji pamoja na wafalme, na seng'enge zilikuja baadaye. Shemeji naye amerudi na lake. Juma la pili baada ya kufika alikuja kwangu na kijitabu chake, tukaketi mezani. Ameitisha mkutano wa wazee wa kiwanja cha josho, na anataka ramani kutoka ofisi ya ardhi, mipaka ipimwe, na majina ya wote wenye haki yaandikwe na kutiwa sahihi. Barua ya kuomba ramani niliiandika mimi, kwa nakala tatu.